Kidonge Kikishamezwa

Watu wengi huona kwamba kazi ya kutumia dawa huishia kooni. Ukishakimeza kidonge na kukishushia maji, umetimiza wajibu wako. Yaliyobaki ni ya dawa yenyewe na Mwenyezi Mungu. Katika miaka yangu ya ualimu, na baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimesikia maelezo mengi kuhusu namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Wako waliosema kwamba kidonge cha kichwa hupanda kichwani na kidonge cha tumbo hubaki tumboni, kana kwamba kila kimoja kimeandikiwa anwani. Siwacheki. Wataalamu wa Ulaya nao kwa karne nyingi hawakuwa na jibu lililo bora kuliko hilo. Jinsi jibu lilivyopatikana ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, kwa sababu imewagusa watu niliowafahamu, na mmoja wao ilimgharimu ndugu.

Swali lenyewe lilianza kuulizwa vizuri katika karne ya 19, na lilianzia mahali ambapo mtu mwenye haya asingependa kuanzia, yaani kwenye mkojo. Mwaka 1842 kijana mmjoa Mjerumani aitwaye Wilhelm Keller, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya mkemia Friedrich Wöhler mjini Göttingen, alimeza asidi ya benzoiki. Kitu hiki zamani kilipatikana katika utomvu wa ubani uliotoka visiwa vya Java na Sumatra, ule ambao Waarabu waliuita ubani wa Kijava. Baadaye aliupima mkojo wake. Hakuikuta asidi aliyoimeza. Alikuta asidi nyingine, ya hipuriki, ambayo wakemia waliifahamu kutokana na mkojo wa farasi. Kilichoingia sicho kilichotoka. Njiani kuna mtu, tuseme fundi, aliyekichukua kitu kile akakiunganisha na kingine, akakitoa kikiwa na sura mpya. Wakati ule hakuna aliyeweza kusema fundi huyo anakaa wapi.

Leo tunajua anakaa wapi. Kidonge kikifika tumboni huloa na kumumunyuka, na sehemu kubwa ya dawa hupenya katika kuta za utumbo mdogo na kuingia katika damu. Lakini damu itokayo utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitishwa kwanza katika ini kwa mshipa mkubwa wa peke yake. Ini basi ni kama forodha: kila mzigo utokao utumboni lazima ufunguliwe hapo kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Dawa nyingine hukatwa ushuru mkubwa kiasi kwamba kinachobaki ni kidogo sana, na ndiyo sababu baadhi ya dawa haziwezi kumezwa, ila kwa sindano, au kuwekwa chini ya ulimi ambako damu yake haipiti forodhani. Zilizovuka huchukuliwa na damu mwili mzima. Humo nazo haziendi peke yake. Nyingi hushikamana na protini iitwayo albumini, kama abiria ndani ya basi, na ni zile tu zilizoshuka basini ndizo ziwezazo kupenya na kufanya kazi. Kisha mzunguko hurudi kwenye ini tena na tena. Dawa zipendazo mafuta haziwezi kutolewa na figo kwa urahisi. Ini huzibadilisha ziyeyuke katika maji, figo zikazichuja, nasi tukazimwaga chooni.

Vimeng'enya vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni jamii moja yenye ndugu wengi. Binadamu ana vinasaba 57 vya jamii hiyo. Mwaka 1962 Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, waliiita P-450, kwa sababu ya namna inavyonyonya mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 450. Jina hilo lilikusudiwa liwe la muda tu hadi lipatikane la maana zaidi. Mpaka leo halijapatikana, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba ya muda ya mwalimu.

Waswahili tunapoumizwa sana moyoni husema fulani amenikata maini. Wahenga hawakujua habari za vimeng'enya, lakini hawakulidharau ini.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kazi ya ini ni kuua sumu tu. Mwingereza, au tuseme Mwelisi, R. T. Williams, aliyeandika kitabu cha kwanza kikubwa juu ya mambo haya mwaka 1947, alikipa jina lililomaanisha njia za kuondoa sumu. Hata hivyo kabla yake kulikuwa kumetokea jambo lililoonyesha kwamba mwili unaweza pia kuitengeneza dawa. Nalipenda sana jambo hili, na wanachuo wangu wa sayansi walilisikia kila mwaka.

Katika mji wa Elberfeld nchini Ujerumani, Gerhard Domagk wa kampuni ya Bayer alikuwa akizijaribu rangi za kutilia nguo ili aone kama zitaua vijidudu. Mwishoni mwa mwaka 1932 aligundua kwamba rangi moja nyekundu iliponya panya walioambukizwa vijidudu vya hatari. Iliitwa Prontosil, na habari zake zikachapishwa Februari 1935. Binti yake mwenyewe, aliyechomwa na sindano akaoza mkono, alitibiwa kwa rangi hiyo. Lakini kulikuwa na kitendawili: ukiiweka rangi ile katika kichupa pamoja na vijidudu, haikuviua. Ndani ya panya inaua, ndani ya kichupa haiui. Mwaka huo huo wa 1935, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Jacques na Thérèse Tréfouël, mtu na mkewe, pamoja na Federico Nitti na Daniel Bovet, walikitegua. Mwili huikata rangi ile vipande viwili. Kipande chenye wekundu hakina kazi. Kipande cha pili, kisicho na rangi yoyote, kiitwacho sulfanilamidi, ndicho dawa. Tena kilikuwa kimekwisha tengenezwa mwaka 1908 huko Vienna na Paul Gelmo, na hataza yake ilikuwa imekwisha muda wake, hivyo mtu yeyote aliweza kukitengeneza bila kumlipa mwingine. Fikiria hasira za wenye kampuni! Domagk alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1939, serikali ya Hitler ikamlazimisha kuikataa, na medali yake hakuipokea hadi mwaka 1947, bila fedha.

Sasa nije karibu na nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuwa askari wa Keya, akapigana Bama katika Vita Kuu ya Pili. Alipokuwa akitusimulia sisi watoto, hakusimulia sana juu ya Wajapani. Alisimulia juu ya mvua, matope, na kidonge cha manjano. Kila siku walipangwa mstari, kila mmoja akakimeza mbele ya mkubwa wake na kufungua kinywa kuonyesha kwamba hakukificha chini ya ulimi. Kilikuwa kichungu, na kikigeuza viganja na nyayo kuwa vya manjano. Askari walinong'onezana kwamba Wazungu wanakitoa ili wawanyime uzazi. Baba mkubwa alicheka alipofika hapo, akatuonyesha kwa kidole wanawe, mmoja mmoja, mpaka wa tisa.

Uvumi huo, kumbe, haukuwa wa Waafrika peke yao. Waingereza, Wamarekani na Waaustralia waliuvumisha vilevile katika majeshi yao. Kidonge kiliitwa mepakrini, na Wamarekani wakakiita Atabrine. Nacho kilikuwa kimetengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Haja yake ilizidi mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini ya dunia zilitoka katika mashamba ya huko. Kwinini, iliyotolewa katika magamba ya mti wa sinkona na Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820, ndiyo iliyokuwa ngao ya pekee ya majeshi dhidi ya malaria. Sasa ngao ilikuwa mikononi mwa adui.

Tatizo la mepakrini lilikuwa hili. Askari waliinywa na bado wakaugua. Wengine waliongezewa, wakatapika na kuharisha. Katika hospitali ya Goldwater mjini New York, James Shannon na wenzake waliamua kufanya jambo ambalo leo laonekana la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa geni: badala ya kuuliza mgonjwa amepewa vidonge vingapi, wapime ni dawa kiasi gani imo katika damu yake. Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walibuni njia ya kuipima kwa kutumia mng'ao wake, maana mepakrini hung'aa inapomulikwa kwa mwanga maalumu. Ndipo siri ikafichuka. Dawa haikuwa katika damu. Ilikuwa imejificha katika ini, misuli na viungo vingine, kwa kiasi kikubwa mno kuliko kilichobaki katika damu. Siku za kwanza mwili uliinyonya yote kama mchanga mkavu unavyonyonya maji, na vijidudu vya malaria, vinavyoishi katika damu, havikuguswa. Tiba ikawa ni kumpa mgonjwa dozi kubwa mwanzoni ili viungo vishibe, kisha kidogo kidogo kila siku ili kufidia kinachopotea.

Bama kwenyewe, Jenerali Slim hakutegemea sayansi peke yake. Alifanya ukaguzi wa ghafula, askari wote wa kikosi wakapimwa kama wana dawa mwilini, na pale ambapo waliokutwa nayo walikuwa chini ya asilimia 95, alimfukuza kazi mkuu wa kikosi. Ameandika mwenyewe kwamba aliwafukuza watatu tu, na waliobaki wakaelewa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, bonde lililosifika kwa malaria, ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Baba yangu mkubwa alikuwamo. Aliishi hadi uzee bila kujua kwamba viganja vyake vya manjano vilikuwa ushahidi wa kisayansi: rangi ile ilikuwa dawa yenyewe, imejibanza katika ngozi.

Msomaji mwenye umri wangu anaikumbuka klorokwini. Vinne kwanza, viwili baada ya masaa sita, kisha viwili na viwili kwa siku mbili. Wengi walihoji kwa nini vinne kwa mpigo. Ni kwa sababu ile ile ya Goldwater: klorokwini nayo hujificha katika viungo, na lazima vishibishwe kwanza. Nayo hukawia kutoka. Mabaki yake hukaa mwilini wiki na wiki. Wale waliowashwa mwili mzima na klorokwini, wakajikuna ukutani kama mbuzi, hawahitaji kukumbushwa. Kukawia huko kulikuwa na faida na hasara. Mgonjwa alipata kinga ya siku kadhaa, lakini vijidudu vipya vilivyoingia wakati dawa imebaki kidogo vilipata nafasi ya kuizoea. Usugu ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Katika kundi lile la New York aliingia mwaka 1946 mtu mmoja aitwaye Julius Axelrod, fundi wa maabara asiye na shahada ya udaktari. Yeye na Brodie waliulizwa kwa nini dawa ya maumivu iitwayo asetanilidi, iliyotumika tangu miaka ya 1880, ilikuwa inaharibu damu za watu. Wakafuata njia ya Keller, wakatafuta katika damu na mkojo. Mwaka 1948 walitoa jibu: mwili huigeuza sehemu kubwa ya asetanilidi kuwa kitu kingine, na ni kitu hicho kinachotuliza maumivu, sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu ya damu. Kwa nini basi usimeze hicho kitu kingine moja kwa moja? Jina lake ni parasetamoli. Panadol iliingia madukani Uingereza mwaka 1956, na sasa hakuna kioski kutoka Tunduma hadi Lamu kisichokuwa nayo. Axelrod alipata shahada yake ya udaktari akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 1970 akashiriki tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine. Nilikuwa nikiwatajia walimu wanaojiendeleza.

Lakini hata parasetamoli ina upande wake wa pili, nao ulielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1973. Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuzwa na ini kuwa kitu kikali, ambacho ini lenyewe hukizima kwa akiba yake maalumu. Mtu mzima akimeza vidonge viwili vya miligramu 500, akiba yatosha. Akipita vinane kwa siku anaanza kuchezea mpaka. Akimeza kiganja kizima akiba huisha, na ini huanza kujichoma lenyewe kimyakimya; mgonjwa anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kumbe ameshachelewa. Wazazi wenye vijana wenye hasira nyumbani walijue hili.

Nimesema habari hii ilimgharimu mtu ndugu. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bara, na mwenzangu aliyefundisha hisabati akapatwa na kifua kikuu. Tiba ya siku hizo ilikuwa ndefu: sindano za streptomaisini kwa miezi miwili, kisha vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni kwa karibu mwaka mzima. Isoniazidi ilikuwa imetangazwa kuwa dawa ya kifua kikuu mwaka 1952, nayo ni rahisi na ina nguvu. Mwenzangu alikuwa mtiifu. Hakuruka hata siku moja. Kikohozi kikakoma, mwili ukarudi, akaanza tena kuimba katika kwaya.

Kisha miguu ikaanza kuwaka moto. Usiku aliitoa nje ya blanketi na kuiweka sakafuni kwenye saruji ili ipoe. Baadaye ikafa ganzi. Ndara ilimtoka njiani asijue mpaka mtoto amkimbilie nayo. Kule alikokuwa akichukulia dawa waliambiana kwamba ni baridi, wakamwambia aendelee. Naye akaendelea, na kadiri alivyomeza ndivyo miguu ilivyozidi.

Basi likatokea lililotazamiwa. Yeye na kaka yake, baba mmoja na mama mmoja, walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Mganga mmoja akasema miguu hiyo imetegewa, na mtego umewekwa mlangoni na mtu wa ndani. Macho yote yakamgeukia shemeji yake, mke wa kaka. Sitaki kueleza yaliyotendeka siku ile. Inatosha kusema kwamba kaka alifunga vyombo vyake, akachukua mke na watoto, akahamia wilaya nyingine, na hawakula tena sinia moja.

Miezi michache baadaye mwenzangu alipelekwa hospitali ya rufaa kwa jambo jingine kabisa. Daktari mmoja alimgusa miguu kwa pini, akamuuliza anameza nini, akamwandikia vidonge vidogo vya vitamini B6. Miguu ikapoa polepole. Vidole havikurudi sawa mpaka mwisho wa maisha yake, lakini alitembea.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa chuoni, nilipovisoma vitabu vya maktaba. Isoniazidi hunyang'anya mwili vitamini hiyo, na mishipa ya fahamu hufa njaa. Hilo, pamoja na tiba yake, lilijulikana tangu mwaka 1954, miaka ishirini kabla ya mwenzangu kuugua. Lakini kwa nini yeye, na si wale wengine waliokuwa wakimeza dawa ile ile kwenye dirisha lile lile? Jibu limo katika ini. Kuna kimeng'enya kinachoitengua isoniazidi kwa kuibandika kipande kidogo cha asidi ya siki. Kwa baadhi ya watu kimeng'enya hicho kinafanya kazi haraka, kwa wengine polepole, na kwa hao wa polepole dawa hukaa mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1960 Price Evans na wenzake walionyesha, kwa kupima familia nzima nzima, kwamba tabia hii hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Si ugonjwa, wala si jambo la nadra. Miongoni mwa Waafrika na Wazungu ni karibu nusu ya watu. Miongoni mwa Wajapani ni kama mmoja katika kumi.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Lililomtesa mwenzangu halikutoka kwa shemeji. Alilipokea kwa wazazi wake, kabla ya shamba, kabla ya mpaka. Na kaka yake aliyefukuzwa, kwa kuwa walichangia wazazi hao hao, huenda naye alikuwa na ini la namna hiyo hiyo. Laiti naye angeugua kifua kikuu, huenda angewaka miguu vilevile, na sijui nani angeshutumiwa. Nilimwandikia mwenzangu barua ndefu nikimweleza hayo yote. Alinijibu kwa ukurasa mmoja: amefurahi kujua, ila kaka yake amekwisha fariki, na mjane hataki kuitaja familia ile.

Siku hizi tiba ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi sita au pungufu, na vidonge vya B6 hutolewa pamoja nayo kwa wanaovihitaji. Ndani ya tiba hiyo mna rifampisini, ambayo mgonjwa huiona kwa macho inavyotoka: mkojo, machozi na jasho hugeuka rangi ya machungwa. Yenyewe hulichochea ini lifanye kazi haraka kuliko kawaida, hata likazitengua upesi dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Wako kina mama waliopata mimba kwa njia hiyo bila kosa lolote. Kinyume chake kiligunduliwa Kanada mwaka 1989, katika mji uitwao London kama ule wa Uingereza. David Bailey na wenzake walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu, wakaona dawa imepanda katika damu kupita walivyotarajia. Balungi lilikuwa limemfunga mikono mlinzi wa utumbo. Nanywa dawa za shinikizo la damu, na balungi nimewaachia wajukuu.

Lipo pia jambo la lugha. Katika bahasha za dawa huandikwa 1 x 3, na mtoa dawa husema: moja, kutwa mara tatu. Kutwa kwa Kiswahili ni mchana. Mgonjwa kwa haki kabisa humeza asubuhi, mchana na jioni kabla ya giza, kisha dawa huachwa ipungue usiku mzima bila kujazwa. Aliyeandika alikusudia kila baada ya masaa manane. Ukichanganya na saa zetu, ambapo saa sita yaweza kuwa adhuhuri, usiku wa manane au muda wa masaa sita, utaona kwamba figo na ini si vizuizi pekee ambavyo dawa hupambana navyo.

Na dawa ya mseto tunayomeza sasa kwa malaria yadai uangalifu huo hasa. Ni dozi sita kwa siku tatu, na ile ya pili humezwa masaa manane baada ya ya kwanza. Ndani yake mna wawili wasiofanana. Artemetha, mtoto wa dawa aliyoivumbua Tu Youyou wa China katika miaka ya 1970, huua vijidudu kwa wingi lakini haikai. Baada ya masaa machache ini limekwisha imaliza. Lumefantrini hukaa siku kadhaa na kufagia waliobaki. Lakini lumefantrini hupenda mafuta, na pasipo mafuta hupita utumboni na kutoka bila kuingia katika damu ipasavyo. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya chakula, humeza kwa maji matupu, kesho yake akasema dawa za siku hizi ni feki. Kikombe cha maziwa chatosha, au uji uliotiwa karanga au tui la nazi. Nyumbani kwangu kidonge hicho hakimezwi mpaka kikombe kiwe mezani, na mjukuu wangu wa miaka saba ndiye anayesimamia.